Kurudia Neno na Kurudia Muundo

SWALI: Ndugu Mhariri, katika somo la fasihi tunafundishwa kwamba takriri na usambamba ni mbinu mbili, lakini kila ninapochambua kifungu nazikuta pamoja. Nizitofautishe vipi? Tena, je, mwandishi anayegeuza mpangilio wa kawaida wa maneno amevunja sarufi?

JIBU: Ndugu msomaji, mbinu hizo huandamana mara nyingi, na ndiyo maana huchanganywa. Takriri ni kurudiwa kwa neno, kirai au sauti. Usambamba ni kurudiwa kwa muundo, hata kama maneno yenyewe yanabadilika. Methali "Haraka haraka haina baraka" ina takriri, kwa kuwa neno limerudiwa, lakini haina pande mbili zenye muundo unaolingana. "Painamapo ndipo painukapo" ina usambamba, kwani kila upande wa neno "ndipo" una kitenzi kilichojengwa kwa viambishi vilevile, pa- mwanzoni na -po mwishoni, huku mashina "inama" na "inuka" yakipingana kimaana. Kulingana huko kwa umbo ndiko kunakoufanya ukinzani usikike. Sema badala yake kwamba penye bonde huwa pia na kilima: maana itakuwa karibu ileile, ila nguvu imekwisha. Nakusihi ulitumie jaribio hilo la kuandika upya kila unapochambua, kwa sababu kutaja jina la mbinu bila kuonyesha kinachopotea inapoondolewa ni kuiacha kazi nusu.

Kuachwa kwa viunganishi kunahitaji uangalifu zaidi. Kauli ya Kilatini inayonasibishwa na Julius Caesar baada ya ushindi wake wa mwaka 47 KK, "veni, vidi, vici", husifiwa kwa kukosa kiunganishi. Tukisema "nilikuja, nikaona, nikashinda", kiambishi -ka- kimekwisha kuyafuatanisha matendo, hivyo sikio la Mswahili halioni pengo. Kwetu kinachovuta sikio ni kinyume chake: "walibeba mikeka na mito na mashuka na mapazia", ambapo "na" inayorudiwa humfanya msomaji auhisi uzito wa kila kinachoongezwa. Kwa hiyo usiazime hukumu ya lugha nyingine pamoja na istilahi yake.

Kuhusu mpangilio, "Barua hii nimeisoma" haina kosa lolote: kiambishi -i- ndani ya kitenzi kinaiwakilisha barua, kwa hiyo nomino yenyewe iko huru kutangulia na kupewa mkazo. "Yangu barua", badala ya "barua yangu", ni jambo jingine. Huko ndiko kuboronga sarufi, na mshairi huruhusiwa kufanya hivyo ili apate vina au atimize mizani 16 za mshororo uliozoeleka, 8 katika kila kipande. Mwandishi wa insha habanwi na vina wala mizani, na mwalimu akiisahihisha "yangu barua" katika insha yako, atakuwa ametenda haki.