Je, wanawake wa Kikurdi hawapimwi matiti kwa sababu hawajui?

Swali: Shikamoo Daktari. Nasomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na tasnifu yangu inahusu tofauti za kiuchumi katika uchunguzi wa saratani ya matiti kwa wanawake wa Kikurdi wa magharibi mwa Iran. Katika jedwali langu la mchanganuo, linalogawa pengo kwa kila sababu, elimu inabeba sehemu kubwa ya fahirisi ya mkusanyiko (namba inayoonyesha kama upimaji umerundikana kwa matajiri au kwa maskini; sifuri ni usawa) kuliko hata utajiri. Huduma za msingi vijijini kule ni bure. Je, nihitimishe kwamba tatizo ni uelewa mdogo, na kwamba wafundishwe kujichunguza matiti nyumbani? Pia, nikilinganisha wilaya mbili, kanuni mbili za kurekebisha fahirisi hiyo, ya Wagstaff na ya Erreygers, zinapingana. Nifuate ipi?

Jibu: Marahaba. La hesabu ndilo jepesi, tulimalize kwanza. Jibu la "amepimwa au hajapimwa" ni la sifuri na moja, kwa hiyo fahirisi ya kawaida haiwezi kufika −1 wala +1; mipaka yake inabanwa na wastani, yaani sehemu ya waliopimwa. Wagstaff huigawa fahirisi kwa moja kutoa wastani. Erreygers huizidisha kwa wastani, kisha mara 4. Chukua mfano wa kubuni: wilaya ya kwanza waliopimwa ni 12% na fahirisi ni 0.30, ya pili ni 40% na fahirisi ni 0.10. Kwa Wagstaff unapata 0.34 na 0.17, yaani ya kwanza ndiyo yenye pengo kubwa. Kwa Erreygers unapata 0.14 na 0.16, na ya pili inaipita kidogo. Hakuna kanuni iliyokosea, kila moja ina mtazamo wake wa pengo. Toa zote mbili, na juu yake weka asilimia ya waliopimwa katika kila moja ya matabaka matano, kuanzia maskini hadi tajiri. Mahali ambapo hata matajiri hawapimwi, Erreygers itatoa namba ndogo. Usiiite usawa.

Sasa hitimisho lako. Tafadhali usiliandike. Sentensi hiyo ya "uelewa mdogo" imejaa kwenye tasnifu, kwenye ripoti za miradi na kwenye hotuba, na karibu kila mara anayeiandika hakupima uelewa wa mtu yeyote.

Rudi kwenye jedwali uone mchango wa elimu umepatikanaje. Unachukua mgawo wa elimu kwenye regresheni, yaani namba inayoonyesha uhusiano wa elimu na kupimwa, unauzidisha kwa wastani wa elimu, unaugawa kwa wastani wa kupimwa, kisha unazidisha kwa fahirisi ya mkusanyiko ya elimu yenyewe. Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika. Elimu ikiwa imerundikana kwa wenye nacho, mchango wake utavimba hata kama uhusiano wake na kupimwa ni wa kawaida tu. Kwa wanawake waliovuka miaka 50 katika vijiji vya Kikurdi, aliyesoma kwa kawaida ndiye aliyekuwa karibu na mji. Mji huohuo ndio wenye mashine ya mamografia (picha ya eksirei ya matiti), ajira yenye bima, na basi la kila saa. Tena aliyesoma anajua Kiajemi, lugha ya fomu na barua ya rufaa, ilhali mwenzake nyumbani anasema Kisorani, Kihawrami au Kikalhori. Hayo yote yanaingia kwenye mstari mmoja ulioandikwa "elimu". Kama dodoso lako halikuuliza swali hata moja kuhusu dalili za saratani, neno "uelewa" halina haki ya kuwemo kwenye sura yako ya mwisho.

Na hili neno "bure" litazame vizuri. Mfumo wa nyumba za afya vijijini Iran ni wa kupigiwa mfano: mhudumu, behvarz, huchaguliwa kutoka eneo hilohilo, hufunzwa, kisha hurudi kuhudumia majirani zake. Lakini kilicho bure pale ni ushauri, kukaguliwa kwa mkono na kuandikiwa rufaa. Mashine iko mjini, Kermanshah au Sanandaj. Kuna nauli ya watu wawili, maana mara nyingi haendi peke yake. Kuna siku ya kazi iliyopotea, na majira ya baridi kuna theluji ya milima ya Hawraman. Halafu kuna sehemu ambayo watafiti huiruka: picha ikionyesha kitu, inafuata altrasaundi, kisha kuchukua kinyama kwa sindano, kisha maabara ya patholojia, na kila hatua ina safari yake na bili yake. Mwanamke ambaye mumewe ni kolbar, anayebeba mizigo mgongoni kuvuka mpaka wa Iraq na kulipwa kwa mzigo, anaijua bili hiyo kabla hajaondoka nyumbani. Akikataa rufaa, si kwamba hakuelewa. Amepiga hesabu.

Upande wa Uturuki, vituo vya serikali vya uchunguzi wa saratani, KETEM, hutoa mamografia bila malipo kila miaka 2 kwa wanawake wa miaka 40 hadi 69. Hilo ni jema kabisa, lakini linafuta gharama moja tu katika mnyororo. Mama wa kijijini Hakkâri bado anahitaji usafiri, mtu wa kumsemea Kituruki kama anajua Kikurmanji, Kikurdi cha huko, pekee, na mahali pa kwenda jibu likiwa baya.

Kabla ya kurudia uchambuzi, kagua mambo matatu. Swali la "umewahi kupigwa mamografia?" huwachanganya waliopimwa wakiwa wazima na waliopelekwa kwa sababu ya uvimbe, kama sababu iliulizwa, watenganishe. Umri: ukiwaacha wanawake wa miaka 35 ndani ya hesabu ya mamografia unapima usomi wa vijana, basi anza na 40. Na fahirisi ya utajiri: ukihesabu jokofu, gari na kompyuta ukaacha kondoo, miti ya jozi na shamba, familia ya kijijini itaonekana maskini kuliko ilivyo na pengo la mji na kijiji litajigeuza kuwa pengo la utajiri. Wapo wanaouza huduma ya "uchambuzi kwa siku moja" kwa wanafunzi. Hawa hubonyeza Stata, programu ya takwimu, hukupa jedwali zuri, wala hawajawahi kuuliza mali iliyohesabiwa ni ipi. Ukilipia kazi hiyo, umenunua makosa yako mwenyewe yakiwa yamepigwa pasi.

Kuhusu kujichunguza nyumbani, jibu limeshapatikana miaka mingi. Jaribio la Shanghai liliwahusisha wafanyakazi zaidi ya 266,000 wa viwanda vya nguo. Matokeo ya mwisho yalitoka 2002: waliofundishwa kujichunguza walikufa kwa saratani ya matiti kwa kiwango kilekile cha wasiofundishwa, ila walichukuliwa vinyama vingi zaidi vya uvimbe usio na madhara. Linganisha na Mumbai, ambako wanawake waliofunzwa kazi hiyo walikagua matiti kwa mkono kila miaka 2. Matokeo ya 2021 yalionyesha saratani zikigunduliwa katika hatua za mapema zaidi, na kwa waliofikia miaka 50 vifo vilipungua kwa karibu 30%. Behvarz wa kike anaweza kufundishwa kazi hiyo. Mwanamke kuyajua matiti yake na kuwahi kituoni akiona badiliko ni jambo zuri, lakini kumkabidhi kazi ya uchunguzi kwa sababu hana nauli ni kumtwisha yeye deni la mfumo.

Ninaloliogopa ni kwamba hitimisho kama lako husomwa na watoa fedha. Mwezi wa kumi, mwezi wa kampeni za saratani ya matiti, unafika, zinachapwa fulana na vipeperushi, wanawake wanakusanywa ukumbini, na hakuna aliyeuliza nani atasoma picha wala sindano ya kinyama iko hospitali gani. Katika pengo hilo ndimo huingia wenye kamera za joto, wanaodai kuona saratani "bila mionzi na bila maumivu". Kipimo hicho hakichukui nafasi ya mamografia, na majibu yake ya "uko salama" yanachelewesha watu. Hili halihusu Wakurdi peke yao. Mkoa wowote wenye mashine moja mjini unakaribisha biashara hiyo.

Shirika la Afya Duniani limeweka malengo matatu: angalau 60% ya wagonjwa wagunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni, na 80% wamalize matibabu. Kama data yako ina tarehe ya rufaa na tarehe ya jibu la patholojia, piga fahirisi ya mkusanyiko kwa hizo siku 60 pia. Hilo ni jedwali ambalo mkuu wa afya wa wilaya anaweza kulifanyia kazi.