Usimpake mtu chokaa: majibu kwa wapiga picha wanaoanza

Safari hii maswali yenu, wasomaji wa Kigoma, karibu yote ni ya picha za sura. Nimechukua machache ambayo majibu yake yatawafaa wengi.

Nimepata kamera yenye lenzi ya 18–55. Nilimpiga mama mdogo pale Kibirizi, nyuma yake ziwa. Uso umetoka mweusi tii, hata macho huyaoni. Nikawasha flashi, akang'aa kama kapakwa mawese. Nakosea wapi? (Msomaji, Gungu)

Kamera yako haimjui mama yako mdogo. Inaona fremu nzima, na sehemu kubwa ya fremu hiyo ni maji yanayomeremeta. Inapima wastani, inaona mwanga umezidi, inapunguza, na hasara inamwangukia mwenye uso. Kabla hujagusa kitufe chochote, tumia miguu. Zunguka mpaka ziwa liwe ubavuni mwake au nyuma yako wewe. Kama ni lazima ziwa lionekane, weka kipimo cha mwanga kisome usoni peke yake, au ongeza ekspoja, yaani kiasi cha mwanga kamera inachopokea, hatua moja (+1 kwenye kamera) na ukubali maji yatoke meupe. Picha ni ya mama, maji yatakuwepo kesho.

Kosa hili lina upande wa pili ambao wengi hawausemi. Ukimsogelea mtu mweusi mpaka uso ujaze fremu, na nyuma kuna ukuta wa giza, kamera itadhani mwanga hautoshi na kuongeza. Atatoka na rangi ya majivu. Hapo unapunguza, theluthi mbili za hatua, pengine hatua nzima.

Sasa flashi. Ile ya juu ya kamera ni kijitaa kidogo kinachompiga mtu usoni moja kwa moja. Ngozi nyeusi inapata umbo lake kwa mng'ao zaidi kuliko kwa kivuli: paji la uso, mfupa wa shavu na mgongo wa pua vinarudisha mwanga, na hapo ndipo sura inapochongeka. Chanzo cha mwanga kikiwa kidogo, mng'ao unakuwa doa kali. Kikiwa kikubwa, unatandaa taratibu. Kwa hiyo zima flashi, mkalishe mama hatua moja ndani ya mlango wa mbele, jua lisimguse, uso uelekee nje. Zima na taa ya ndani, maana rangi yake itagombana na ya nje. Wewe simama pembeni kidogo usimzibie. Akiwa na jasho mpe leso ajifute. Poda iliyo nyeupe kuliko yeye usimpake.

Kamera gani nzuri kwa anayeanza? (Wasomaji kadhaa)

Uliyo nayo. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na karibu kila anayeliuliza hajapiga hata sura kumi. Piga watu ishirini kwa simu, wote kando ya dirisha, ndipo uniulize kitu kingine.

Mafunzo niliyosoma yanasema mwanga mzuri ni saa kumi na moja jioni. Mbona kwangu bado jua linaunguza? (Msomaji, Ujiji)

Kwa sababu aliyeandika hakai Kigoma. Nchi nzima saa zetu zinasoma sawa, lakini sisi tuko magharibi kabisa. Jua linatua kwetu kama dakika arobaini baada ya kutua Dar es Salaam. Hapa jua liko juu kabisa karibu saa saba mchana, si saa sita, na linazama nyuma ya milima ya Kongo karibu na saa moja. Mwanga laini utaupata kuanzia saa kumi na moja na nusu, na ulio bora zaidi ni ule wa nusu saa ya mwisho. Wakati huo jua linatoka upande wa ziwa, basi geuza mtu alitazame ziwa, wewe uwe na maji mgongoni. Asubuhi ni kinyume: jua linatokea upande wa vilima, na mapema ufukweni bado kuna kivuli kizuri kisicho na makali. Wengi wanaupoteza muda huo wakiwa kitandani.

Nakutumia picha kumi na nne, naomba maoni yako. (Msomaji, Mwanga)

Nimezitazama zote, mara mbili mbili. Lakini "naomba maoni" si swali, mdogo wangu. Ukiuliza hivyo, anayekupenda atakujibu "umetisha" na asiyekupenda atanyamaza, na wewe utabaki pale pale ulipo. Ninaletewa mafungu kama haya kila wiki na nimechoka kuyapokea bila neno hata moja la mpigaji alitaka nini.

Fanya hivi. Chagua picha moja. Andika sentensi moja: nilitaka uchovu wake uonekane, au nilitaka macho yawe kitu cha kwanza kuonekana. Kisha uliza kama lengo hilo limefika. Hapo mtu anaweza kukusaidia, kwa sababu umempa kipimo.

Kwa kuwa umeshazileta, nitasema mawili. Kwanza, unakata watu kwenye viungo. Yule binti mwenye beseni la migebuka umemkata pale pale kwenye kifundo cha mkono, anaonekana kama mkono umeondolewa. Kata katikati ya mfupa, kati ya bega na kiwiko au kati ya kiwiko na kiganja, au acha mkono wote. Pili, picha ya saba, mzee aliyekaa chini ya mwembe: shavu lake lina ukijani, na juu ya jicho la kulia kuna doa la jua lenye ukubwa wa sarafu. Mwembe unampa mtu kivuli cha kupumzikia, lakini majani yanautia mwanga rangi yake, na matobo yake yanamwaga madoa. Ungemwomba asogee hatua tatu tu, mpaka ukingoni mwa kivuli, uso utazame nje. Vivyo hivyo na udongo wetu mwekundu: jua likiupiga, unarudisha wekundu chini ya kidevu. Tandika shuka jeupe mbele ya miguu yake uone tofauti.

Nani akupe maoni? Wa kwanza ni mwenye sura. Chapisha picha tatu za inchi nne kwa sita, mpelekee, kisha funga mdomo. Usieleze chochote. Tazama jicho lake linakwenda wapi kwanza na anaishika ipi kwa muda mrefu. Wa pili ni mpiga picha anayekuzidi. Jitolee kumshikia taa kwenye harusi mbili bila malipo, atakukosoa bila hata kuombwa. Halafu mrudie mtu yule yule baada ya wiki, mahali pale pale, ukirekebisha kosa moja tu. Wanaobadilisha mtu, mahali na lenzi kila siku hawawezi kujua ni kipi kilichowasaidia.

Wateja wangu wote wanataka niwang'arishe. Nisipofanya wanakwenda studio ya jirani. Natumia programu gani isiyoharibu? (Msomaji, Kasulu)

Hakuna isiyoharibu. Na hapa sitakuwa mpole, kwa sababu mteja huyo tumemfundisha sisi wenye studio. Tumejaza kuta zetu mabibi harusi wenye uso wa rangi ya maziwa na mikono yenye rangi waliyozaliwa nayo, tukaita kazi safi.

Dharau hii ina historia. Enzi za filamu za rangi, maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley. Yeye akitoka vizuri, kipimo kimekubaliwa. Watu weusi walitoka macho na meno tu. Miongoni mwa walioisukuma Kodak ibadilike walikuwa watengenezaji wa chokoleti na samani, waliolalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazionekani sawasawa. Kamera ya leo, hata ya simu ya kawaida, inaweza kuitoa ngozi yetu na rangi zake zote, nyekundu iliyo chini ya weusi, buluu ya kivulini. Kisha tunazifuta wenyewe.

Niliwahi kufanya hivyo. Nilimpiga bibi mmoja wa Ujiji, nikamlainisha na kumng'arisha nikidhani namheshimu. Alipoipokea alipitisha kidole gumba juu ya nyusi ya kushoto ya kwenye picha, akarudia tena, akaniuliza, "Kovu langu umelipeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Nilichapisha upya, na tangu siku hiyo sijamgusa mtu rangi.

Mteja akikuomba umng'arishe, usimgombeze. Mara nyingi anachoomba ni aonekane, maana maisha yake yote amepigwa picha za giza. Mpige kwa mwanga wa mlangoni niliousema, pima usoni, umwonyeshe kwanza hiyo. Wengi hawaombi tena. Chunusi ifute, wiki ijayo haitakuwepo. Kovu, chale na alama ya kuzaliwa viache mpaka mwenyewe aseme. Na kwenye simu yako zima ile sehemu ya kulainisha sura. Simu nyingi zinakuja nayo ikiwa imewashwa.

Nimenunua lenzi ya 50 f/1.8. Jicho moja linanoa, jingine limefifia. Lenzi ni mbovu? (Msomaji, Uvinza)

Lenzi ni nzima. Kwa kamera zenye kihisi kidogo cha picha kama za wengi wenu, ukiwa mita moja kutoka kwa mtu kwa f/1.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, sehemu inayonoa haifiki sentimita tatu. Akigeuka kidogo tu, jicho la mbali liko nje. Rudi mpaka mita moja na nusu, weka f/4, tundu dogo zaidi, utapata sentimita kumi na tatu hivi, za kutosha kutoka puani hadi karibu na sikio. Fokasi iweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Nyuma patafifia vya kutosha kama ukuta uko mbali naye.

Nikienda mwaloni Katonga kupiga wavuvi na wanaoanika dagaa, lazima niombe ruhusa? Si ni mahali pa wazi? (Msomaji, Katubuka)

Omba. Mwalo ni wa wazi, uso ni wa mtu. Msalimie, akikukubali ndipo utoe kamera, na ukiahidi kumletea picha ipeleke. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika nchini tangu Mei 2023, na atakayeuza sura ya mtu bila ridhaa asije kuniambia hakujua. Kwa watoto ongea na mzazi, hata kama wao wenyewe wanakimbilia mbele ya kamera. Bandarini usielekeze lenzi bila kibali, hata kama unachotaka ni meli ya Liemba tu. Na kwa aliyeuliza kuhusu kupiga picha kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu: kambini hakuingiwi bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na sura ya mkimbizi aliyekimbia hatari usiirushe hovyo.

Kamera ikipata unyevu niiweke kwenye mchele? (Msomaji, Kibondo)

Hapana, mchele una vumbi. Tumia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, kwenye ndoo yenye mfuniko, hasa masika, kuvu isiote kwenye lenzi.

Mtu akikaa mbele yangu anakakamaa. Napiga mia mbili sipati hata moja. (Msomaji, Kigoma mjini)

Hizo mia mbili ndizo zinazomkakamaza. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu kwa sababu vifaa vilikuwa ghali. Kazi aliimaliza kabla ya kubonyeza: kichwa kimeinama upande gani, mikono imekaa wapi, kitambaa cha nyuma kinakubaliana vipi na nguo.

Jiwekee kumi na mbili kwa mtu mmoja. Mpe mikono kitu cha kushika, kofia, kikombe, ukingo wa khanga yake. Usimwambie atabasamu. Muulize jambo analolijua kuliko wewe: mawese yanakamuliwaje, nyavu inashonwa kwa uzi gani. Akikueleza sikiliza kweli, kamera ikiwa kifuani, na uipandishe pale anapomaliza sentensi na mdomo kutulia. Ukifika ya kumi na mbili bila kuipata, mshukuru, weka kifuniko cha lenzi, muombe mrudie kesho jioni.