Kabla hamjaandika maono ya usharika, fungueni daftari la mahudhurio

Kama usharika wenu umeunda kamati ya maono, au mko mbioni kuiunda, naomba mnisikilize. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kazi hiyo tumeifanya mara mbili, na mara ya kwanza tuliiharibu.

Mara ile ya kwanza tuliazima mpango mkakati wa usharika mwingine, tukabadilisha jina, tukapanga dira, dhamira na malengo ya miaka mitano. Mkutano mkuu ukaupitisha kwa makofi, kisha ukafungiwa kabatini. Mchungaji alipohamishwa, aliyekuja baada yake hakuonyeshwa hata nakala, na hakuna msharika aliyeuliza umekwenda wapi. Jambo hilo liliniuma, maana juu ya jalada tulikuwa tumeweka Mithali 29:18, "Pasipo maono, watu huacha kujizuia". Baadaye nikausoma mstari wote. Nusu yake ya pili inamtaja mwenye heri kuwa ni yule aishikaye sheria. Maono yanayosemwa pale ni neno la Mungu linalowajia watu wake kupitia nabii. Jengo na bajeti havimo. Sisi tulilitafuta Neno ili libariki tulichokwisha kuamua.

Na tulichokwisha kuamua ni kanisa jipya, kubwa. Mtu wa huku ataelewa mara moja. Kila Desemba watoto wetu wanapanda kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, wengine Nairobi. Siku ya Krismasi watu wanajaa hadi nje, wengine wanasimama chini ya migomba wakisikiliza kwa spika. Kila anayeuona umati ule anasema kanisa limekuwa dogo, na kwa kuwa wenye uwezo wa kuchangia wanakuwepo siku hiyohiyo, ahadi zinaandikwa papo hapo.

Tulipokutana mara ya pili, katibu wetu alikuja na daftari la mahudhurio, akatusomea Jumapili moja moja kuanzia Januari hadi Novemba. Tulikaa kimya. Jumapili ya kawaida mabenchi ya nyuma ni matupu. Wanaokuja ni bibi zetu na wajukuu wanaowalea, watoto wa kipaimara, wanakwaya, na wanaume wachache. Tulikuwa tumepanga miaka mitano ya usharika kwa kuitazama siku moja.

Kwa hiyo anzieni hapo. Nehemia alikaa Yerusalemu siku tatu, akatoka usiku na watu wachache kuukagua ukuta uliobomoka, na hakuwa amemwambia mtu neno juu ya kazi iliyokuwa moyoni mwake. Alitaka kwanza kuona kwa macho.

Baada ya daftari, nendeni nyumbani kwa watu, wala msitegemee mkutano wa baada ya ibada. Kwenye mkutano wanasema walewale, na mama mjane hawezi kumpinga mwenyekiti wa kamati ya ujenzi mbele za watu. Sisi tulipangwa wawili wawili, mwanamume na mwanamke, tukapita jumuiya kwa jumuiya, yaani vikundi vya washarika majirani, kwa miezi miwili. Utaratibu huu una mizizi huku kwetu. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyehudumu Old Moshi miaka mingi, alishikilia kwamba usharika ujengwe juu ya vifungo ambavyo watu tayari wanavyo: ukoo, ujirani, rika. Mambo yake mengine yanajadilika, lakini kuhusu ujirani nimeona kwa macho yangu kwamba mtu huzungumza tofauti akiwa kihambani kwake, kwenye shamba la nyumbani.

Msiulize "mnataka kanisa lifanye nini?" Mtarudi na orodha ya vitu. Sisi tuliuliza: mara ya mwisho kanisa lilikufaa lini, na kwa jambo gani? Nani jirani yako ameacha kuja, na nini kimemzuia? Kisha tukanyamaza, wala hatukutetea lolote, na kunyamaza huko ndiko kulikuwa kugumu kuliko yote. Bibi mmoja ambaye miguu haimruhusu tena kupanda mlima alitukaribisha vizuri, akatuketisha, halafu akasema: "Bahasha yangu ya sadaka mnaifuata kila mwezi. Kuja kukaa na mimi, ndiyo leo." Mwenzangu alilia njiani wakati wa kurudi. Maneno ya namna hiyo, kwa sauti tofauti, tuliyasikia karibu kila jumuiya.

Ikifika wakati wa kuamua, someni polepole Matendo 15, habari za mkutano wa mitume na wazee kule Yerusalemu, mtazame mpangilio wake. Kuna hoja nyingi kwanza, na Luka hazifichi. Kisha Petro anasimulia aliyoyaona, mkutano unanyamaza, Barnaba na Paulo wanasimulia ya kwao, na mwisho Yakobo anayapima yote kwa maneno ya manabii. Sisi wazee tunapenda kuruka kutoka kwenye hoja hadi kwenye kura. Safari hii tulisimuliana kwanza yale tuliyoyasikia majumbani, tukafunga na kuomba kwa Jumatano tatu, ndipo tukaketi kuandika. Kura haikuhitajika.

Tuliandika sentensi moja: tuwe usharika unaowafikia wazee na watoto wanaobaki mlimani, usimwache yeyote peke yake nyumbani. Tuliisoma kwa Kiswahili na kwa Kichagga, na tukamwomba bibi mmoja wa jumuiya aturudishie kwa maneno yake. Kama angeshindwa, tungeiandika upya.

Ugumu ulikuwa fedha. Wale walioahidi kuchangia jengo ni watoto wetu, na wanatoa kwa upendo, si watu wa kuwapuuza. Lakini mwenye fedha akiachiwa kuchagua njia, usharika unamfuata. Mwenyekiti wetu aliwaandikia kwenye kundi la WhatsApp, akaeleza tulichosikia bila kutaja mtu. Wawili walikasirika na kuondoa ahadi zao, na hadi leo hatujaelewana nao. Wengine walipiga simu kuuliza, "Mama yangu naye amesema hivyo?" Siwezi kuwaahidi kwamba kwenu itakuwa rahisi.

Jambo jingine: amueni pia mnaacha nini. Maono yanayoongezwa juu ya shughuli zote za zamani ni mzigo kwa watu walewale. Tulifuta michango miwili ya kila mwezi, na kikao kimoja cha wazee tukakigeuza kuwa siku ya kutembelea nyumba. Na maono yakabidhiwe baraza la wazee, yasiwe ya mchungaji peke yake, kwa sababu dayosisi itamhamisha wakati wowote.

Sasa kila Jumatano mwinjilisti na wazee wawili wanakwenda nyumbani kwa wasioweza kupanda. Mwezi mara moja mchungaji anawapelekea Chakula cha Bwana. Ndizi, mayai na kuku vinavyotolewa Jumapili havipigwi mnada vyote. Sehemu inatengwa kwa nyumba hizo, na vijana wa kipaimara ndio wanaobeba.

Paa la kanisa linavuja upande wa kwaya, tutalitengeneza kahawa ikishauzwa. Krismasi iliyopita tulikodi maturubai mawili na viti, na watoto wetu waliopanda kutoka mijini wakakaa nje. Mabenchi ya mbele tuliwaachia bibi waliobebwa na magari ya watoto hao hao.