Wakikwama hawaji ofisini

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha hesabu chuo cha jamii hapa Texas. Wanafunzi wengi wanatoka zamu ya usiku. Wakikwama hawaji ofisini, wanapotea tu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mtu wa zamu aje ofisini saa ngapi? Dakika 10 za mwisho acha ubao, pita meza kwa meza uone madaftari. Jaribio la kwanza lifanyike wiki ya 2, maswali machache tu, umjue mapema anayezama. Mpigie simu, barua pepe hata mimi sisomi. Na nauli je? Mpango wa ASAP wa vyuo vya umma vya jiji la New York, ulioanza 2007, ulitoa kadi za usafiri, vitabu na mshauri wa karibu. Kwenye utafiti, asilimia 40 walihitimu ndani ya miaka 3, wenzao wasio kwenye mpango, 22. Kikaoni na wakuu wako, anza na hilo.