Kudurusu masoko na ukosefu wa usawa kwa kikundi
Mdogo wangu, umesema mko wanne hapo Wete, Pemba, mnasomeana daftari kila usiku na mada ya masoko na ukosefu wa usawa bado haiwakai. Basi mmoja afunge daftari aeleze, wengine wamuulize mpaka akwame. Hapo ndipo pa kudurusu. Mifano mnayo mlangoni: mnada wa samaki una wanunuzi wengi wanaopandishiana bei, lakini karafuu kisheria mnunuzi ni mmoja, ZSTC, yaani shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Bei inapangwaje? Bishaneni hapo. Kisha kadirieni mapato ya watu watano, tangu mchumaji anayelipwa kwa pishi hadi mwenye shamba, mchore kwa mkono mchoro wa Lorenz, ule unaowapanga watu toka maskini hadi tajiri na kuonyesha wanapata sehemu gani ya mapato yote. Kigezo cha Gini, namba inayopima ukosefu wa usawa kutokana na mchoro huo: 0 ni usawa kamili, 1 mmoja kachukua vyote. Msigeuze, mtapoteza alama bure. Na saa nne mkalale, tafadhali.