Woody Strode, mwigizaji aliyenyimwa maneno

Mhariri, swali lenu la wiki hii linatutaka tumtaje mwigizaji wa filamu za zamani ambaye watu wengi huitambua sura yake bila kulijua jina lake, na tueleze kwa nini anastahili kukumbukwa. Jibu langu ni Woody Strode, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1914, ambaye kwa miaka mingi alisimama pembeni ya mastelingi wa Hollywood. Sijamwona mwigizaji mwingine aliyepewa maneno machache kiasi kile na bado akaubeba uzito wa filamu nzima.

Ushahidi wangu mkuu ni Spartacus ya mwaka 1960, iliyoongozwa na Stanley Kubrick. Strode ni Draba, mmoja wa watumwa wanaofunzwa kupigana ili kuwaburudisha Warumi. Spartacus, anayeigizwa na Kirk Douglas, anapomwuliza jina lake, Draba anakataa kulitaja, kwa sababu anajua kwamba huenda siku moja wakalazimika kuuana. Siku hiyo inafika wageni kutoka Roma wanapolipa ili waone watu wakifa. Kabla ya zamu yao, wawili hao wanaketi wakitazamana ndani ya kibanda cha mbao, huku jozi ya kwanza ikipigana nje, na mtazamaji anabaki na nyuso mbili tu za kusoma. Uso wa Strode hauonyeshi woga wala chuki. Anaonekana kama mtu anayepima jambo ambalo hajalimaliza kulipima. Baadaye, akiwa na wavu na mkuki wa ncha tatu, anamshinda Spartacus na kumbana ukutani, na wageni wanapopiga kelele kwamba amwue, anageuka, anaurusha mkuki ule kwenye jukwaa lao, kisha anapanda kuwafuata mpaka anauawa. Nguvu ya kitendo hicho inatokana na ule utulivu wa kibandani, kwa kuwa tulikwisha kumwona akiwaza na sasa tunaona alichoamua. Uasi unaofuata katika hadithi hauwezi kueleweka bila yeye, ingawa yeye mwenyewe hayumo katika sehemu kubwa ya filamu iliyobaki. Strode aliteuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe kwa nafasi hiyo, lakini hakushinda.

Mwili wake wenye misuli aliuleta kutoka viwanja vya michezo. Mwaka 1939 alicheza mpira wa Kimarekani katika chuo kikuu cha UCLA pamoja na wachezaji wenzake weusi Kenny Washington na Jackie Robinson, na mwaka 1946 yeye na Washington walisajiliwa na timu ya Los Angeles Rams, wakavunja ubaguzi uliokuwa umewafungia wachezaji weusi nje ya ligi kuu ya NFL tangu msimu wa 1933 ulipomalizika. Strode alikuwa na umri wa miaka 32, yaani miaka yake bora ilikuwa imekwisha kuliwa na ubaguzi huo. Alikwenda kucheza Kanada, akatwaa ubingwa na timu ya Calgary mwaka 1948, kisha akapigana mieleka ya kulipwa. Uigizaji wake wa mwanzo ulikuwa wa kusimama na kuonyesha kifua, na katika The Ten Commandments ya mwaka 1956 alikuwa mfalme wa Ethiopia kwa dakika chache tu.

Mwongozaji John Ford ndiye aliyemwona kuwa ni zaidi ya misuli. Katika Sergeant Rutledge, pia ya mwaka 1960, Strode ni sajini mweusi anayeshtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa ubakaji na mauaji ambayo hakuyafanya. Filamu ilibeba jina la mhusika wake, lakini kwenye orodha ya waigizaji jina la Jeffrey Hunter likatangulia, jambo ambalo linaniuma hadi leo, kwa kuwa kila kinachobaki akilini baada ya filamu kwisha ni Strode. Miaka miwili baadaye, katika The Man Who Shot Liberty Valance, Ford alimpa nafasi ya Pompey, mtumishi anayejifunza kusoma ukubwani. Darasani anajaribu kukariri Azimio la Uhuru la Marekani na anasahau sehemu isemayo kwamba watu wote wameumbwa sawa, naye mwalimu wake, anayeigizwa na James Stewart, anamjibu kwamba wengi huisahau sehemu hiyo.

Wakati huohuo uso wake ulitumiwa kwa taifa lolote lililohitajika: shujaa wa Wakomanchi, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, katika Two Rode Together, shujaa wa Kimongolia katika 7 Women, na Mwaborijini wa Australia katika mfululizo wa televisheni wa Rawhide. Nafasi nyingi za namna hii hazikustahili kipaji chake.

Waongozaji wa Kiitalia walimheshimu kwa namna nyingine. Mwaka 1968 Sergio Leone alifungua Once Upon a Time in the West kwa kumwonyesha Strode akisubiri treni kituoni, matone ya maji yakimdondokea kofiani mpaka yanajaa na yeye anayanywa. Mwaka huohuo Valerio Zurlini alimpa nafasi ambayo sisi wasomaji wa Kiswahili, hasa wa Kongo, tunapaswa kuitafuta. Katika Seduto alla sua destra, Strode ni Maurice Lalubi, kiongozi wa Kiafrika anayekamatwa na kuteswa, aliyeundwa kwa mfano wa Patrice Lumumba, ambaye aliuawa Katanga mwezi Januari 1961. Hapo Strode ndiye mhusika mkuu, anazungumza kama kiongozi wa watu, na utulivu uleule wa Draba sasa umepata kauli. Ilimlazimu afikishe miaka zaidi ya hamsini na avuke bahari ndipo apewe nafasi hiyo.

Alifariki tarehe 31 Desemba 1994, akiwa na miaka 80. Filamu yake ya mwisho, The Quick and the Dead, ilitoka mwaka 1995 ikiwa imetolewa kwa kumbukumbu yake.