Mchunga umejaa shambani

Shikamoo Bibi. Shamba langu la mahindi hapa Kilifi limejaa mchunga, ule wa maua ya manjano na utomvu mweupe. Nikiulima unarudi mwingi zaidi. Nipige dawa?

Marahaba mwanangu. Jembe ndilo linalouzidisha: mizizi yake hutambaa chini kwa chini, na kila kipande unachokata huchipua. Ung'oe baada ya mvua, udongo ukiwa laini, uokote vipande vyote, tena kabla maua hayajawa sufi ya kupeperushwa na upepo. Dawa hapana, nakusihi; hiyo ni mboga! Chuma majani machanga, yachemshe, mwaga maji ya kwanza uchungu upungue, kisha uyapike pamoja na mnavu kwa tui la nazi. Kwa sima, mimi sijaona mboga ya kuushinda mchunga.